Kuku waliandikwa, vipigo havikuandikwa

Mtu akitaka kuhamia Tanga huniuliza kodi ya nyumba, kisha maji, kisha anashusha sauti: "Dada, na usalama je?" Wengine wameshapita mtandaoni kwenye zile kurasa zinazoipanga miji ya dunia kwa alama za usalama, wanakuja na namba wakitaka nizithibitishe. Siwezi. Alama nyingi za namna hiyo hutokana na kuwauliza watu wanajisikiaje wakitembea usiku, na wa kwetu anayejibu mara nyingi ni mgeni aliyelala Raskazone siku mbili tatu akaondoka. Waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyosema hapa. Huyo hajui Ngamiani ikoje umeme ukikatika.

Mimi najua kidogo kwa sababu kazi ya kuliandika jambo hilo iliniangukia. Ni fundi cherehani, nakaa kwenye hizi barabara zetu za namba, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014 nilichaguliwa mjumbe wa kamati ya mtaa. Mwenyekiti akaona mwandiko wangu unasomeka, akanikabidhi kaunta buku la ulinzi na usalama. Nikakaa nalo hadi muhula ulipoisha 2019. Kila aliyeibiwa, aliyepigwa au aliyemwona mtu asiyeeleweka akizungukazunguka alitakiwa aje aandikishe kwangu. Alitakiwa. Waliokuja ni waliotaka.

Ukilifungua daftari lile utadhani Tanga nzima ni mji wa wezi wa kuku. Kuku, tena kuku, halafu nguo zilizoachwa kambani mpaka usiku, sufuria la mama lishe lililosahaulika uani na ukoko wake ndani, mtungi wa gesi, mita ya maji iliyong'olewa alfajiri na kuacha maji yakimwagika barabarani, baiskeli. Kesi ya kuku inapendwa na watu. Ina mashahidi, ina manyoya, na hakuna anayeona haya kuileta. Kikao kizima cha kamati kiliwahi kuishia kwenye jogoo mmoja wa mzee mstaafu wa reli, na hadi leo wapo wasiosalimiana kwa sababu ya jogoo yule.

Polisi hawawaoni kuku hawa. Jeshi la Polisi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwaka taarifa ya hali ya uhalifu nchini, na makosa makubwa humo yamegawanywa mafungu matatu: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Hayo ni yaliyofika kituoni na kuandikwa. Kwenda kituoni ni nauli ya bodaboda, ni kukaa benchi, ni kuambiwa anayeandika katoka, rudi saa kumi. Ukipewa namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya ripoti yako, umepata karatasi, na kuku keshaliwa zamani. Simu ndiyo hupelekwa, maana mwenyewe anataka kurudisha laini yake na anahitaji ripoti ya upotevu. Basi anaandikisha kwamba imepotea. Imekwapuliwa mchana kweupe sokoni Mgandini, lakini kusema imepotea kunamaliza kazi haraka, hakuna maswali, na wizi mmoja ukawa umetoka kwenye hesabu.

Lile fungu la tatu nalo lina mambo yake. Bangi, mirungi na gongo huingia kwenye takwimu pale polisi wanapofanya msako. Msako ukikazwa, uhalifu umepanda. Askari wakipumzika, umeshuka, na tunapongezana. Halafu kuna kugawanya. Kiwango cha uhalifu ni matukio yakigawanywa kwa idadi ya watu, kwa kawaida kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2012 ililikuta jiji la Tanga na watu 273,332, ya 2022 ikawakuta 393,429. Mtu akichukua matukio ya juzi akayagawa kwa watu wa sensa ya zamani, mji unachafuka kwenye karatasi bila kibaka hata mmoja kuongezeka. Nimewaona waandishi wakifanya hivyo.

Kilichonifundisha zaidi kuliko takwimu yoyote ni mwezi wa angani.

Nilianza kuona kurasa zangu zinanenepa na kukonda kwa mpangilio. Wiki fulani naandika kila asubuhi, wiki nyingine kalamu inalala. Nikamwuliza mzee mmoja muuza kahawa, anayepita na birika lake na kashata mpaka usiku wa manane, akacheka. "Mwanangu, wewe umezaliwa Tanga gani? Hiyo si giza hiyo?" Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inafanya kazi penye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki, wanaume wanabaki nyumbani wanatengeneza nyavu na kucheza dhumna barazani. Giza likiingia wanashuka pwani jioni, wanarudi alfajiri. Nyumba zinabaki na akina mama, watoto na bibi. Kibaka wa mtaani, ambaye pengine naye aliwahi kuwa baharia kwenye boti hizohizo, anaijua kalenda hiyo kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Tukabadilisha zamu. Ulinzi shirikishi wetu ulikuwa vijana wachache wenye firimbi, tochi na rungu, wakilipwa kwa michango ya kaya, na kabla ya hapo walikuwa wanazunguka kila usiku hadi wamechoka wote kwa pamoja na kusinziana. Tukawaambia: siku za mbalamwezi pungueni, siku za giza tokeni wote, na mpite zaidi kwenye uchochoro unaoelekea kwa familia za wavuvi. Daftari likapumua. Upepo wa kusi ukikaza, Juni na Julai, vyombo vidogo haviendi mbali, mfukoni hamna kitu, dukani madeni, na wizi wa vitu vidogo unarudi hata kwenye mbalamwezi. Hapo zamu hazisaidii sana. Wiki ya kabla ya Idi vilevile. Na michango, kama mnavyojua wenyewe, mwenye nyumba kubwa kuliko zote mtaani ndiye alikuwa wa mwisho kulipa, akisema yeye ana mbwa.

Pwani yenyewe ina tahadhari zake ambazo mtu wa bara akiziona hushangaa. Nenda Deep Sea jioni utawaona watu wamebeba mashine za boti begani au wamezipakia kwenye mkokoteni kuzirudisha nyumbani. Mashine haiachwi ufukweni. Boti inaweza kulala peke yake, mashine inalala chumbani, na nimeingia nyumba ambamo imewekwa kati ya kitanda na kabati, imefunikwa khanga. Mashine moja ikiibiwa, mabaharia wote wa chombo kile wamekosa kazi, na mwenye chombo anaanza kutazamana vibaya na nahodha wake.

Lakini sikiliza hili. Miaka ile nilipopokea daftari, ulikuwa ukikaa karibu na bahari asubuhi unasikia mdundo kutoka majini. Baruti. Pwani yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa sana na uvuvi wa mabomu, na hapahapa, kuanzia ghuba yetu kwenda Pangani, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009. Sheria inakataza, kifungo kipo, matumbawe yanavunjwavunjwa, na kuna wanaume walioondokewa na viganja kwa bomu lililowahi kulipuka mkononi. Samaki wa baruti anajulikana: mfupa wa mgongo umevunjika ndani kwa ndani, nyama inalegea mapema. Wanunuzi wanamjua, wanamponda bei, wanamnunua. Katika miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kwangu kuandikisha baruti. Nilipoligusa kwenye kikao, watu wakatazama dari. Aliyelipua ni mkwe wa huyu, amemkopesha yule, na samaki wake ni rahisi. Serikali ilipokaza msako kuanzia 2016 hivi, midundo ikapungua sana, na waliokamatwa wakaonewa huruma mtaani kuliko yule mwizi wa jogoo. Nikaanza kuelewa kwamba daftari langu halikuwa linaandika uhalifu. Lilikuwa linaandika kilichotukera.

Magendo ni hivyohivyo, sitaki hata kuanza. Sukari ya usiku hainuki.

Halafu ikaja miaka ambayo Tanga ilitajwa kwenye taarifa ya habari kwa mambo mengine. Februari 2015 risasi zilisikika Amboni, kwenye mapango ambayo sisi tunawapeleka watoto wa shule kutembea. Vyombo vya dola vilipambana na kundi la watu wenye silaha, na mwanajeshi akapoteza maisha. Mwisho wa Mei 2016, Kibatini, kata ya Mzizima, watu wanane waliuawa usiku mmoja. Kuhusu matukio hayo sina la kuongeza. Waliofiwa wapo, na maneno ni yao. Ninachoweza kusimulia ni yaliyoingia kwenye daftari wiki zilizofuata.

Wizi ulikuwa uleule. Lakini kurasa zilijaa wageni. Kijana kapanga chumba na haongei na mtu. Muuza miwani kapita mara mbili kwenye barabara moja. Mtu ana Kiswahili cha bara na begi kubwa. Mwanamume mmoja aliandikishwa na majirani tofauti, kila mmoja kwa siku yake, kwamba anatoka saa tatu usiku na kurudi alfajiri akiwa na macho mekundu. Tulipomfuata tukakuta ni kibarua wa bandarini, zamu ya usiku, na macho ni ya vumbi na usingizi. Hakuna hata mmoja kati ya walioandikwa aliyekuwa na lolote. Ila niliwaona wapangaji wakihama kwa sababu ya kutazamwa tu. Mama mmoja aliyekuja na watoto kutoka Lushoto kutafuta kazi za ndani alinyimwa chumba nyumba baada ya nyumba, mpaka mke wa imamu akasema atamweka kwake.

Tulichofanya ni kulitilia mkazo daftari la wakazi, lile ambalo kwa sheria za mtaa lilipaswa kuwapo siku zote. Mwenye nyumba ukipokea mpangaji, mlete kwa mjumbe, na aje na kitambulisho. Wengi walidhani ni kwa ajili ya kuwabana wageni. Mimi nilikuja kuona linamfaa mgeni kuliko sisi. Siku kelele zikipigwa, aliyeandikwa ana mtu wa kusema huyu namjua, kaja lini, anafanya kazi wapi. Asiyeandikwa hana.

Na kelele zikipigwa ni jambo la kutisha, nilishuhudia. Joto la Tanga halikuruhusu kufunga dirisha, hasa Februari na Machi, na vibaka wetu wamepata ufundi wa kufaa joto hilo. Wanachukua mti mrefu kama upondo, wanafunga ndoano mbele, wanaupenyeza kwenye nondo za dirisha na kuvua: suruali iliyotundikwa ukutani, mkoba, simu inayochajiwa mezani. Wanavua kabisa, kwa subira ya mvuvi. Usiku mmoja mtoto wa nyumba ya jirani aliamka kwenda haja akaushika mti ukiwa ndani. Akapiga ukunga. "Mwizi!" Dakika haikuisha barabara imejaa, mawe yamepatikana, na kuna mtu keshataja tairi.

Aliyemwokoa yule kijana ni mwadhini wetu, mzee mfupi aliyetoka na kikoi tu. Alimkalisha barazani kwake, akakaa mbele yake, akasema anayetaka kumpiga aanze na yeye. Hiyo ilinunua dakika chache. Kisha mama mmoja akamulika tochi usoni pa kijana akasema, "Jamani! Huyu si mtoto wa shoga yangu wa barabara ya nyuma?" Nikayaona mawe yakishuka. Yakashuka moja moja, kwa aibu, watu wakiyaachia pembeni ya miguu yao. Polisi walipofika walimkuta mzima.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi. Kifo cha mwizi mikononi mwa watu ni mauaji mbele ya sheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyataja mauaji ya namna hiyo katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Zaidi ya hapo hana ruhusa. Watu wa mtaa wangu hawakuifikiria sheria hata kidogo. Walimwachia kwa kuwa wanamjua mama yake. Yule kibarua wa bandarini, au yule muuza miwani, kama angekuwa anapita tu pale dakika ileile, sidhani kama tochi ingemsaidia.

Kijana alikuwa teja. Unga, kwa maneno yetu. Mama yake alishauza kitanda kulipia dawa za kienyeji, alishamfungia ndani, alishamfukuza na kumrudisha. Teja anaiba kinachouzika kabla ya saa sita mchana, ndiyo maana mita za maji, ndiyo maana sufuria. Hana muda wa kupanga wizi mkubwa, na mara chache ana nguvu za kumdhuru mtu. Baadaye hospitali ya Bombo wakafungua kliniki ya methadoni, dawa ambayo mtu anakwenda kuinywa kila siku mbele ya mhudumu, na nikaanza kuwaona baadhi ya wale niliowaandika wakipita asubuhi na mapema kuelekea huko, wameoga. Wengine waliacha njiani. Siwezi kusema wizi mtaani uliisha, nisiwadanganye, lakini wale waliodumu na dawa sikuwasikia tena wakitajwa.

Kabla ya hapo kilichotusaidia ni kumfuata mnunuzi. Mwizi wa mita ya maji haihitaji mita, anahitaji mtu wa kupokea shaba bila kuuliza. Tulipowaita wanunuzi wa vyuma chakavu wa maeneo yetu, pamoja na polisi kata, tukawaambia kila mita itakayokutwa kwenye mizani yao ni kesi yao, mita zikapata nafuu. Hapo nilijifunza pia thamani ya mafundi. Tanga ni mji wa baiskeli, ardhi ni tambarare, mzee na kijana wote wanaendesha, na baiskeli ikiibiwa inachinjwa upesi: ringi huku, kiti kule, fremu inapigwa rangi. Muuza maziwa mmoja anayetoka upande wa Pongwe na madumu yake aliibiwa ya kwake mlangoni pa mteja, sekunde ya kumimina lita moja tu. Wiki kadhaa baadaye fundi baiskeli wa kona yetu aliletewa fremu ya buluu aiwekee bomba jipya la kiti. Akaigeuza, akakwangua rangi kidogo kwa bisibisi, akaiona weldi yake mwenyewe, yenye uvimbe upande wa kushoto kwa sababu siku ile umeme ulikuwa mdogo. Hakusema neno. Akamwambia mteja akirudi jioni itakuwa tayari, akanitumia mtoto. Baiskeli ilirudi kwa mwenyewe, na aliyeileta akasema aliinunua kwa mtu, na yule mtu naye kwa mtu.

Kamera gani itakayoona weldi chini ya rangi?

Sasa nifike kwenye ambalo lilinitoa usingizini zaidi ya wezi. Cherehani yangu iko barazani. Wanawake wanakuja kupimwa, na anayepimwa huinua mikono, na mikono ikiinuka unaona. Alama ya mkanda. Kidole kilichovimba. Meno kwenye bega. "Nilianguka bafuni." Kisha akishazoea: "Shoga, usiandike." Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Ukinipa namba hiyo nitaiamini kabla hujamaliza kuitamka. Daftari langu la ulinzi na usalama, la miaka yote ile, lilikuwa na kuku wengi kuliko wanawake, na wanawake waliokuwamo wengi waliandikwa na majirani waliokosa usingizi kwa makelele.

Kujuana kule kule kulikomwokoa yule kijana barazani kwa mwadhini ndiko kulikowafunga hawa mdomo. Mume ni mtu wa swala tano, anachangia misiba, ni mjomba wa mwenyekiti wa tawi. Mke akilileta kwenye kamati, wazee wanataka suluhu, watu wanyweshane chai, arudi nyumbani na khanga mpya. Nilikaa kwenye suluhu kadhaa za namna hiyo kabla sijaanza kusema wazi kwamba kipigo kina kituo chake: kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kuna PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mwanamke mmoja tulikwenda naye pamoja, tukiwa tumevaa kama watu wanaokwenda harusini ili mtaa usiulize. Askari wa dawati alikuwa binti mdogo, akatupokea vizuri, akamhoji chumbani na mlango ukiwa umefungwa. Ile kesi ilikwenda mahakamani na haikufika mwisho, mwenyewe aliifuta baada ya wakwe kuja kutoka Pangani. Lakini kipigo kilisimama, alinihakikishia, na mikono yake niliiona nilipomshonea gauni la Idi iliyofuata. Wengine kwao hakikusimama.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Tanga kuna usalama, namjibu kwa swali: wa nani? Kwa mgeni anayetembea saa mbili usiku kutoka kula mishikaki Forodhani, mji wetu ni mtulivu kweli, na nimeishi Dar es Salaam kiasi cha kuujua utofauti. Kwa mtoto wa kike aliyeolewa nyumba yenye jina zuri, hilo ni jambo jingine, na hakuna ramani itakayomwonyesha mtaa wa kuuepuka.

Mgeni anataka pia maneno ya kushika, na hayo nampa. Ukitafuta nyumba usilewe na ukuta mrefu. Kule kwenye kuta, Raskazone na kwingineko, mwizi akishavuka yuko kwake, hakuna anayemwona. Nyumba yenye baraza mbele, fundi kwenye kona na muuza kahawa anayepita usiku ina macho ambayo hulipii, ingawa macho hayohayo yatajua pia nani kakutembelea na kaondoka saa ngapi. Lazima uchague. Nenda mwenyewe kwa mjumbe wiki ya kwanza, usisubiri mwenye nyumba. Ufukweni, maji yakipwa sana siku za bamvua, mchanga unakuwa mpana na mtupu, na mtu akitokea kwenye mikoko hakuna wa kumwita. Tembea pale penye wavuvi, na kama unaogelea usiache nguo na pochi peke yake ukidhani kuku tu ndio huibwa. Sokoni Deep Sea alfajiri ni salama, umati ni mkubwa na kila mtu anamtazama mwenzake kwa ajili ya samaki. Baiskeli yako, piga picha ya fremu, na mfanye fundi mmoja awe ndiye fundi wako.

Dirishani tia wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa kahawia wanaouza madukani, nondo peke yake haizuii upondo. Kitanda kisikae chini ya dirisha wala chaja isiwe karibu nalo. Na namba ya mjumbe usiiweke kwenye simu ya kupangusa pekee. Iandike kwenye kitochi, kwa sababu ile ya kupangusa ndiyo watakayoivua.